Mwano wa Mtamba

Mimi si mtu mwema, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Wapo watu wanaojisema vibaya makusudi, wangoje kuambiwa "aa, usijali, mbona wewe mzuri tu." Sitaki. Nilikaa miaka mitatu kwenye kontena lenye kiyoyozi, nikilipwa kuwatazama watu wa kwetu kutoka juu, na siku moja nikamwangushia jirani yetu bomu la machozi kichwani. Akafa. Mwisho wa mwaka nikapewa cheti cha mfanyakazi bora wa zamu, kimewekwa kwenye fremu. Sasa endelea kusoma ukitaka.

Mgodi wenyewe siutaji. Ni mgodi wa wageni, uko huku kwetu Shinyanga inakokaribia kuishia na Geita kuanza, na kijiji chetu kimekaa nyuma ya kifusi chake. Mawe ya kile kifusi tunayaita magwangala. Mgodi unayatupa kwa kuwa dhahabu iliyobaki ndani yake kwao ni uchafu, lakini kwa mtu wa kwetu mwenye nyundo na karai uchafu huo ni sare za shule na mfuko wa mbolea. Basi watu wakawa wanaruka uzio, walinzi wanawakimbiza, wengine wanaumizwa, kesi zinaahirishwa mpaka mwenye kesi anachoka. Ndipo mgodi ukaleta nyuki.

Nyuki ni jina ambalo wanakijiji waliipa ile ndege ndogo isiyo na rubani, kwa mlio wake. Ilikuwa na kamera tumboni na mabomu manne ya machozi. Kwenye mafunzo tuliambiwa imeletwa kwa ajili ya ubinadamu: mlinzi hatakutana tena na mvamizi ana kwa ana, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Na kweli, mlinzi hakuumia tena.

Kazi yangu iliitwa usomaji. Mwenzangu mmoja, kijana wa Mwanza mpole sana, alikuwa anairusha ndege. Mimi nilikuwa naisoma picha. Nikiona watu natamka neno moja kati ya matatu: wapitaji, mkusanyiko, au wavamizi. Wapitaji unawaacha. Mkusanyiko unauzungukia. Nikisema wavamizi, mkuu wa zamu anauliza, "Una uhakika?" nami najibu, naye anasema, "Tawanya," nami nabonyeza kitufe. Mkuu wa zamu sikuwahi kumwona. Alikuwa sauti ya kiume kwenye spika, picha niliyoiona mimi ndiyo aliyoiona yeye, ila yeye alikuwa mji mwingine, nchi gani sijui. Siku moja nilimwambia huku mvua inanyesha, akasema kwake kuna jua. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Walinichukua mimi kwa sababu ni mwenyeji. Walisema hivyo waziwazi kwenye usaili: tunataka mtu anayewajua hawa watu. Nikafurahi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo nilikuwa mimi.

Lazima nieleze mwano, maana bila hilo hutaelewa chochote. Kwetu Usukumani, mtu akiibiwa ng'ombe, akivamiwa na fisi, nyumba yake ikiwaka moto au akiona maiti, anapiga mwano. Ni ukelele wa namna yake, hauwezi kuuchanganya na mwingine. Ukiusikia, unaacha ulichoshika. Ukiwa unakula, unaacha. Ukiwa unaoga, unajifunga kanga unatoka. Mwanamume anachukua fimbo, panga au mkuki, chochote kilicho karibu, anakimbilia sauti inakotoka. Hakuna kuuliza. Asiyekwenda, nzengo inamhukumu. Nzengo ndiyo jumuiya ya majirani wa kitongoji, na hukumu yake haina rufaa. Atatozwa mnyama, au atatengwa. Kutengwa maana yake hupewi moto wala maji, husalimiwi, anayekuitikia naye anatozwa faini, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilimwona mtu aliyetengwa akipiga magoti kumsalimia mke wa mwenyekiti, na mke wa mwenyekiti akampita, akaendelea kumsimulia mwenzake habari za mchele.

Basi siku yenyewe. Saa nne asubuhi, mwisho wa masika, udongo bado laini. Mama mmoja mjane wa kitongoji chetu alikuwa anachunga mtamba wake, ndama jike aliyekaribia kupandwa, mnyama pekee aliyebaki baada ya shemeji zake kugawana mifugo ya marehemu. Mtamba akateleza akaingia kwenye mtaro wa maji machafu ya mgodi, nje ya uzio, akanasa kwenye tope mpaka tumboni. Yule mama akavuta kamba, akavuta. Mtamba anazama. Hakuna mtu karibu. Basi akafanya kitu ambacho mtu mwenye akili timamu asingekifanya, na ambacho mimi ningekifanya pia: akapiga mwano.

Kule kontenani hatukusikia kitu. Ile ndege inaona sisimizi akiwa amebeba punje, lakini haina sikio. Mimi nilichokiona kwenye kioo ni watu wanatoka majumbani. Wanatoka huku, wanatoka kule, wanakimbia, wengine wana fimbo, wengine mapanga, mmoja ana povu la sabuni shingoni, wanawake wawili wameshika michi. Wote wanaelekea kwenye uzio.

Nilijua. Nimejaribu miaka yote hii kujiongopea na sijaweza, kwa hiyo naandika: nilijua. Wavamizi hawaji hivyo. Wavamizi wanakuja upande mmoja, wameinama, na mifuko mitupu kiunoni, wala hawaji na michi. Mwano peke yake ndio unaowatoa watu kila upande kwa wakati mmoja, hata mwenye sabuni shingoni. Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Miguu ilikuwa tayari imesimama chini ya meza, inataka kukimbia nao.

Lakini wiki ile nilikuwa nimeonywa kwa barua. Nilikuwa nimesema "mkusanyiko" kwa watu walioruka uzio baadaye, na yule mkuu wa zamu akaniuliza kwenye spika, mbele ya wenzangu, kama nawaonea huruma wa kwetu. Wenzangu walicheka. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Na mwongozo ulibandikwa ukutani pale pale machoni pangu: zaidi ya watu kumi, wanakimbia, wanaelekea uzio, wana silaha za jadi. Kila kimoja kilitimia.

"Wavamizi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

"Tawanya."

Nikabonyeza. Mara moja tu, bomu moja, nalo kwa desturi linaanguka mbele ya watu, si juu yao. Lakini yule aliyekuwa mbele alikuwa anakimbia kwa kasi kuliko nilivyopima. Katika kitongoji chetu palikuwa na mwanamume mmoja aliyesifika kwa jambo hilo tu: mwano wowote, yeye anafika wa kwanza. Hakuwa tajiri, hakuwa msemaji, hata kulima alikuwa wa kawaida. Jiko la mama yangu lilipowaka, yeye ndiye aliyeingia ndani kutoa gunia la mahindi. Watu wa rika lake walikuwa wanamtania kuwa siku ya kufa kwake atawahi hata kaburini kabla ya wachimbaji. Alikuwa na kamba begani siku ile. Chuma cha bomu kilimpata kisogoni, akalala palepale, moshi ukamfunika.

Siku ya tatu akafa hospitalini, hajafungua macho.

Mtamba alitolewa. Kamba ya yule aliyeanguka ndiyo waliyoitumia, watu wakikohoa na kutokwa machozi, kwa sababu walikuwa wameshafika na mnyama alikuwa anazama, wangefanyaje?

Sasa sikiliza jinsi tulivyoandika ripoti, maana hapo ndipo nilipojifunza kuwa Kiswahili kinajua kumficha mtu. Niliandika mwanzoni: "Niliona watu, nikasema ni wavamizi, nikadondosha bomu." Ikarudishwa. Afisa wa mgodi, mtu wa heshima kabisa, akaniambia kwa upole, "Dada, lugha ya kiofisi." Nikaandika upya: watu walionekana, ilihisiwa ni wavamizi, idhini ilitolewa, bomu lilidondoshwa. Tazama hiyo herufi w inavyoingia katikati ya kitenzi na mtenda akatoka kwa mlango wa nyuma. Lilidondoshwa. Na nani? Haisemwi. Afisa akanisifu kwa uandishi mzuri. Mgodi ukatoa taarifa ya kusikitika, kwamba kifaa kilitumika kwa mujibu wa taratibu.

Mwenyekiti wa nzengo alikwenda getini na wazee wawili. Walipewa fomu ya malalamiko. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaosema: jina la mtumishi aliyesababisha madhara. Mwenyekiti hakujua aandike nini, akaandika "nyuki." Baada ya wiki mbili fomu ikarudi, imegongwa muhuri: taarifa haijakamilika.

Ikabaki maiti isiyo na mtenda. Kwetu jambo hilo halivumiliki, maana kifo cha mtu kinakaa mahali, lazima kiwe na mwenyewe. Ndipo kikaitwa kikao.

Asubuhi ya kikao nilikuwa nyumbani, wiki yangu ya mapumziko. Nilimkuta baba zizini anamtoa ndama kupe. Nilimwamkia, nikachutama, nikamwambia. Nilimwambia yote, kioo na neno na kitufe. Kijijini walijua nafanya kazi mgodini "kwenye kompyuta," basi. Baba hakuniangalia. Alimtoa kupe mwingine, akamponda kwa ukucha.

"Umeshamwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi hata mimi hujaniambia."

Nilimchukia kwa jibu lile, na nilishukuru kwa jibu lile, vyote kwa pamoja. Nikaenda kunawa uso.

Kikao kilikaa kwenye uwanja wa josho la ng'ombe, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Yule mama mjane aliketishwa chini katikati. Hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kupiga mwano wa uongo. Mwano una mambo yake: mwizi, mnyama mkali, moto, maiti. Mtamba aliyenasa kwenye tope hayumo. Kama asingepiga, watu wasingekimbia. Kama wasingekimbia, mtu asingekufa. Walipanga maneno vizuri, mmoja baada ya mwingine, na mimi niliyesoma sikuona pa kuyakata, ila mahali pamoja tu, na mahali hapo nilikuwa nimepakalia.

Kijana mmoja alisimama akasema, "Jamani, lakini si mama huyu aliyemwangushia bomu. Ni nyuki."

Mwenyekiti akamjibu taratibu, wala hakukasirika. "Nyuki hatujui anakaa wapi. Huyu tunajua anakaa wapi."

Watu wakaguna kwa kukubali. Nami nilikaa pale, hatua kumi kutoka kwa mwenyekiti, nimevaa kitenge cha maua.

Wanawake wakaulizwa nao, kila nyumba ilete neno. Mmoja akasema yule mama tangu zamani ana kelele. Mwingine akasema ndivyo alivyomlilia hata mumewe kupita kiasi. Mke wa marehemu, yule aliyepigwa na bomu, akasema maneno ambayo siyaandiki. Alikuwa na haki nayo, aliyaelekeza tu kwa mtu siye. Kisha mwenyekiti akageuka kwangu. "Na binti yetu wa mgodini, aliyesoma. Una neno?"

Nilisimama. Naapa nilisimama nikiwa na nia. Nilimwona baba kule ng'ambo anatazama kwato za mbuzi wa mtu. Nilifikiria barua ya onyo, mkataba, bati la nyumba yetu linalong'aa kuliko yote kitongojini. Nilifikiria yule mke wa marehemu angenishika wapi kwanza.

"Sina neno," nikasema. Nikakaa.

Wakamtoza yule mtamba, na kumtenga mama mpaka nzengo itakapoamua vinginevyo. Mtamba alichinjwa pale pale joshoni, maana ng'ombe wa adhabu huliwa na waliohukumu. Kila nyumba ikapata fungu. Baba alirudi na la kwetu kwenye sufuria, paja la mbele. Lilikuwa na mafuta kwa mnyama mdogo vile. Nilikula. Nilisaga mfupa kabisa, kwa sababu nilikuwa na njaa, na hilo ndilo linalonichefua zaidi nikilikumbuka: kwamba nilikuwa na njaa ya kawaida tu.

Siku nne baadaye, nikienda barabarani kupanda pikipiki nirudi kazini, nilikutana na yule mama ana ndoo tupu kichwani. Kisima cha kitongoji walikuwa wamemkataza. Aliitua ndoo akapiga magoti, yeye aliyelingana na mama yangu, akanisalimia mimi. "Mwangaluka, ng'wana wane." Umeamkaje, mwanangu. Nyuma yangu walikuwa wanakuja wanawake watatu.

Nilipita.

Mwaka uliofuata alihama, sikuuliza alikokwenda. Mimi mkataba wangu uliongezwa, kisha ukafutwa, na si kwa kosa lolote. Mgodi ulinunua mashine inayosoma picha yenyewe, bila msomaji. Kuifundisha waliilisha picha zetu za zamani pamoja na maneno tuliyoyatamka, ili ijue mpitaji ni yupi na mvamizi ni yupi. Nilikaa wiki mbili nahakiki zile picha, ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Ile ya saa nne asubuhi ilikuwemo. Imeandikwa chini: wavamizi, imethibitishwa. Niliiangalia muda mrefu, kisha nikabonyeza "sahihi," kwa kuwa kuibadilisha kungehitaji maelezo. Kwa hiyo hata sasa ninavyoandika, watu wakiitikia mwano kule kwetu, kuna chuma kinachowatazama na kuamini nilichosema mimi.

Siku hizi nina kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua Geita mjini. Mwaka huu nilikwenda Rwamgasa kumwona dada yangu aliyejifungua. Njia ya kwake inapita penye wanawake wanaoponda mawe, wamekaa chini kwenye vivuli vya maturubai, kila mmoja na rundo lake, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikasikia naitwa kwa jina la baba yangu, binti wa fulani. Alikuwa yeye, yule mama wa mtamba. Amekonda, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha.

Safari hii nilipiga magoti mimi. "Shikamoo, mayu." Shikamoo, mama.

"Marahaba." Akanishika mkono wote na vumbi lake, hakuuachia. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule niliyewasimulia." Akaendelea, "Siku ile nzengo nzima ilinisema. Hata niliowazalisha walinisema. Huyu peke yake aliulizwa akasema hana neno juu yangu. Na amesoma, angeweza kunimaliza." Akanitazama. "Nimekuombea sana. Njiani kule hukuniitikia, nilijua unaogopa faini, sikulishika."

Wale wanawake wakanikaribisha kwa macho. Mmoja akanisogezea ndoo niikalie.

Sikukalia. Kama angenitukana ningepona, ningekwenda zangu kwa dada nikanywa uji wa uzazi. Nilisema, "Mayu, ni mimi niliyebonyeza."

"Ulibonyeza nini?"

Nikamweleza. Vibaya, kwa kurukaruka, Kisukuma changu kimejaa maneno ya mgodini yasiyo na Kisukuma. Nyuki, kioo, yule mtu kwenye spika, neno nililolisema, kitufe. Nyundo za wenzake zilinyamaza moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wangu bado ameushika.

"Siku ya kikao ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na nyama ya mtamba wangu ulikula?"

"Nilikula."

Akauachia mkono. Hakuurusha, aliuweka tu chini kwenye mapaja yangu kama kitu cha mtu mwingine alichokuwa amekishikilia. Akachukua nyundo, akachagua jiwe.

"Mimi usiniambie," akasema. "Mimi nilihukumiwa mbele ya watu, nimekaa chini, na mke wa marehemu ananitazama. Nenda ukakae pale pale. Wale wale wakusikie. Ukishatoka huko ndipo uje unisalimie." Kisha akasema nimpishe, nimekanyaga mawe aliyokwisha kuyaponda.

Nilisogea, na kwa dada sikufika. Kutoka Rwamgasa mpaka kijijini kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa pikipiki, na mwenye pikipiki aliniuliza tunaelekea wapi. Nikasema Geita mjini, nina kazi ya watu ya kuchapa.

Kikao cha nzengo kinakaa kila mwezi, Jumapili ya kwanza, saa tatu asubuhi. Sijaenda.